Kabla Hujanunua Mfumo wa Kiwanda: Mwongozo kwa Wasindikaji wa Bukoba na Muleba Wanaotaka Kuuza Nje

Kama unakaanga kahawa Kashai, unakausha vanila Maruku au unasindika samaki Muleba, na sasa mnunuzi wa Kampala, Muscat au Hamburg ameanza kuulizia bidhaa yako, haitachukua muda kabla hujapigiwa simu na muuzaji wa programu za biashara. Atakwambia biashara imekua, daftari na Excel havitoshi tena, na kwamba unahitaji "mfumo". Huenda ni kweli. Lakini mfumo usiofaa hula mtaji, na baada ya msimu mmoja unakuta umelala kwenye kompyuta bila mtu wa kuufungua. Makala hii itakusaidia kujua unachohitaji kabla hujakaa meza moja na huyo muuzaji. Nitatumia zaidi mfano wa kahawa, kwa kuwa ndiyo bidhaa yetu ya nje tangu enzi za babu zetu na ndiyo yenye masharti mapya mazito. Mwenye vanila, samaki au mvinyo wa ndizi naye atapata cha kuchukua.

Tuanze na jina. Wauzaji huziita programu hizi ERP, na herufi hizo zisikutishe. Ni programu moja inayoshika mambo ambayo kwa kawaida yamekaa kwenye madaftari tofauti: manunuzi, stoo, uzalishaji, mauzo, mishahara na hesabu za fedha. Ukipokea magunia 20, hesabu ya stoo inapanda, deni la aliyekuuzia linaandikwa, na mhasibu analiona papo hapo bila kusubiri karatasi. Programu ya uhasibu ya kawaida inafuata zaidi fedha. ERP inafuata fedha pamoja na bidhaa yenyewe, tangu ilipoingia getini hadi ilipopakiwa kwenye gari.

Kwa nini kuuza nje kunadai zaidi kuliko kuuza Mwanza au Dar es Salaam? Mnunuzi wa ndani anaangalia bei na ubora, mkamalizana. Wa nje anaongeza swali la tatu: bidhaa hii imetoka wapi, na utathibitishaje? Watu wa ziwani wanalijua swali hilo kwa uchungu. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na baadhi ya wavuvi. Hata aliyevua kwa nyavu halali aliumia, kwa sababu samaki wake hakuwa na kumbukumbu ya kumtenganisha na wa wengine. Kwa maoni yangu, uwezo wa kufuata bidhaa kurudi nyuma hadi ilikotoka ndio uwe kipimo chako cha kwanza unapochagua mfumo. Rangi za skrini, grafu na wingi wa vitufe vije baadaye sana.

Kwa kahawa, swali hilo sasa limeandikwa kwenye sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, maarufu kama EUDR, inataka kahawa inayoingia Ulaya, iwe mbichi au iliyokaangwa, isiwe imelimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa mara mbili. Tarehe iliyowekwa baada ya maahirisho hayo ni Desemba 30, 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na Juni 30, 2027 kwa ndogo. Muulize mnunuzi wako yeye yuko kundi gani. Anayewasilisha tamko ni kampuni inayoingiza mzigo Ulaya, lakini taarifa za mashamba itazidai kwako. Vanila na samaki havimo kwenye kanuni hii.

Je, taarifa zenyewe ni zipi? Kubwa ni mahali lilipo kila shamba lililotoa kahawa hiyo. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linahitaji nukta moja tu ya GPS. Likizidi hapo, unatakiwa mchoro wa mpaka wake wote. Vibanja vyetu vingi havifiki ekari 10, kwa hiyo nukta moja kwa kila kibanja inatosha. Zipo programu za simu kama KoboCollect na ODK Collect zinazochukua nukta hizo hata pasipo na mtandao, kisha zinazituma ukifika penye mtandao. Mfumo utakaonunua lazima uweze kupokea orodha hiyo na kuihifadhi pamoja na jina la mkulima na chama chake cha msingi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa dogo linaweza kurudisha kontena zima. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza ya GPS huanza na alama ya kutoa. Bukoba mjini ni karibu -1.33 na 31.81. Karani akisahau ile alama, kibanja kinahamia Uganda, upande wa Hoima. Akizibadilisha namba mbili hizo nafasi zake, kibanja kinaangukia kaskazini mwa Afrika, jirani na mpaka wa Morocco na Algeria. Kanuni inataka namba zenye tarakimu 6 baada ya nukta, na Excel ikipangwa vibaya inaweza kuzikata zikabaki 2 tu. Kwa hiyo muulize muuzaji: je, mfumo wake unaweza kukataa nukta iliyoangukia nje ya Kagera? Kwenye mifumo mingi hilo linapangwa kwa muda mfupi, ila lazima uliombe.

Kiwanda chako pengine hakinunui kibanja kwa kibanja. Kahawa ya Kagera hupita AMCOS, yaani chama cha msingi, kisha chama kikuu kama KCU, na mnadani. Maana yake ni kwamba taarifa za mashamba ziko kwa AMCOS, na wewe unazihitaji pamoja na mzigo. Kabla hujanunua, omba orodha ya wanachama waliochangia mzigo huo, kilo za kila mmoja, na nukta za vibanja vyao. Kama AMCOS haijapima vibanja, kubalianeni nani atapima na nani atalipa nauli na posho ya vijana wa kupima. Jambo jingine ni butura, ule mtindo uliokatazwa wa kumlipa mkulima kahawa ikiwa bado maua. Mzigo wa butura hauna kumbukumbu safi, na hakuna programu inayoweza kuusafisha.

Sasa tuingie stoo tuone mfumo unavyotakiwa kufanya kazi. Neno la kulijua ni loti. Loti ni mzigo uliopokelewa au kutengenezwa kwa pamoja na kupewa namba yake. Tuseme Jumatatu umepokea kahawa ya maganda kilo 600 kutoka AMCOS moja ya Kamachumu, ukaipa namba KM-01, na kilo 400 kutoka Katerero, ukaipa namba KT-01. Ukikoboa, unabaki na karibu nusu, tuseme kilo 500 za kahawa safi. Ukikaanga, unyevu unatoka na uzito unashuka tena, tuseme kwa asilimia 16, unabaki na kilo 420. Hizo ni pakiti 1,680 za gramu 250, nazo unazipa namba mpya, tuseme P-01. Mfumo unaofaa unaelewa kwamba kilo 1,000 zilizoingia zimekuwa kilo 420 zilizotoka, na unagawa gharama zote, pamoja na umeme na mishahara ya siku hiyo, kwenye zile 420. Usipoelewa hivyo, utajiona una faida kumbe unauza kwa hasara.

Wiki tatu baadaye mnunuzi analalamika kuhusu pakiti yenye namba P-01. Ukiiandika namba hiyo, mfumo ukuonyeshe kwamba ilitoka KM-01 na KT-01, ilikaangwa siku fulani na mashine fulani, na pakiti nyingine za P-01 zimekwenda kwa wateja gani. Huko ndiko kurudi nyuma na kwenda mbele. Angalia pia kitakachotokea KT-01 ikiwa na vibanja vitatu visivyo na nukta za GPS. Ukishaichanganya na KM-01, pakiti zote 1,680 zimepoteza njia ya kwenda Ulaya, hata zile kilo 600 za Kamachumu zilizokuwa na taarifa kamili. Kwa hiyo mfumo uwe na namna ya kufunga loti yenye upungufu isichanganywe na mzigo wa Ulaya. Kwa vanila, kilo 5 hadi 6 za mbichi hutoa kilo 1 iliyokaushwa, na kazi huchukua miezi. Mwenye vanila achague mfumo unaoruhusu kazi kubaki wazi muda wote huo huku uzito ukiandikwa kila hatua.

Upande wa fedha una mambo yake. Ankara ya mnunuzi wa nje mara nyingi ni ya dola au yuro, wakati vitabu vyako na TRA ni vya shilingi. Tuseme umeuza mzigo wa dola 8,000 siku ambayo dola ni shilingi 2,600, na mteja akalipa baada ya siku 60 dola ikiwa 2,500. Umepungukiwa shilingi 800,000 bila mtu kukuibia. Mfumo unaojua sarafu zaidi ya moja unaiandika tofauti hiyo peke yake, ukajua imetokana na kubadilika kwa thamani ya fedha. Usioijua utakuachia pengo ambalo mhasibu atalitafuta usiku kucha.

VAT nayo ina namna mbili. Mauzo ya ndani ya bidhaa zinazotozwa kwa kawaida ni asilimia 18. Bidhaa inayouzwa nje hutozwa asilimia 0, lakini lazima uwe na nyaraka za forodha zinazothibitisha kwamba kweli imetoka nchini. Tangu Julai 2023, kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT ni mauzo yanayotozwa kodi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mfumo wako utenganishe mauzo ya aina hizo mbili na uweze kuambatisha nakala ya nyaraka kwenye kila ankara. Risiti ya kodi bado ni lazima: muulize muuzaji kama programu yake inaungana na TRA kwa njia ya VFD, yaani risiti inayotoka kwenye programu badala ya mashine ya EFD, na akuonyeshe biashara iliyopo Tanzania inayoitumia. Mfumo uliotengenezwa nje hautakuwa na kiunganishi hicho mpaka mtu auwekee, na kazi hiyo ina bei yake.

Usidhani mfumo utachukua nafasi ya wakala wa forodha. Yeye ndiye atakayeingiza maombi kwenye dirisha moja la kielektroniki la serikali, TeSWS. Utahitaji cheti cha afya ya mimea cha TPHPA kwa kahawa mbichi au vanila, cheti cha uasili wa bidhaa kinachopatikana TCCIA, na kibali cha Bodi ya Kahawa kwa anayeuza kahawa. Kazi ya mfumo wako ni kutoa ankara na orodha ya mzigo zinazolingana hadi gramu. Ankara ikisema kilo 1,200 na orodha ya mzigo ikisema 1,206, gari litalala mpakani. Kila bidhaa kwenye mfumo iwe pia na nafasi ya namba ya forodha: kahawa mbichi isiyoondolewa kafeini ni 0901.11, iliyokaangwa ni 0901.21, na vanila iko chini ya 0905. Ukiziandika mara moja kwa usahihi, kila ankara itazibeba. Kwa pakiti za supamaketi utahitaji pia namba ya msimbo pau kutoka GS1 Tanzania, zile namba zinazoanza na 620.

Pengine umeshaanza kujiuliza kama unauhitaji kweli. Ukiwa unauza Mutukula mizigo midogo isiyozidi dola 2,000, ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiwekea utaratibu rahisi wa cheti cha uasili, na una aina mbili tatu za bidhaa, nakushauri usinunue ERP sasa. Daftari la loti lililopangwa vizuri, Excel, na programu nafuu ya uhasibu vinakutosha. Dalili za kuhitaji zaidi ni hizi: una loti nyingi zinazochanganyika kila wiki, unauza kwa sarafu mbili au zaidi, watu zaidi ya watatu wanaandika kwenye stoo hiyo hiyo, au mnunuzi ameanza kudai taarifa za asili ya bidhaa na wewe unatumia siku nzima kuzitafuta kwenye makabati.

Ukifika hapo, utakutana na makundi matatu. La kwanza ni programu za uhasibu zilizoongezewa stoo, kama Tally kutoka India. Faida yake ni kwamba wahasibu wengi nchini wanaifahamu, na inaweza kushika loti na sarafu za kigeni. Kiwanda kidogo chenye hatua chache za uzalishaji kinaweza kuishia hapo kwa miaka mingi, na hakuna aibu yoyote. Kundi la pili ni programu huria, yaani zile unazoruhusiwa kuzitumia na hata kuzibadilisha bila kulipia leseni. Maarufu ni ERPNext, iliyoanzia India, na Odoo ya Ubelgiji. ERPNext ina uzalishaji, loti, sarafu nyingi na uhasibu kamili ndani ya toleo lake huria. Odoo ina toleo huria na toleo la kulipia, na uhasibu kamili umewekwa kwenye lile la kulipia, kwa hiyo uliza vizuri ni toleo gani unaonyeshwa. Kundi la tatu ni mifumo mikubwa kama SAP Business One na Business Central ya Microsoft, inayouzwa kupitia mawakala. Hiyo ni imara, ila inafaa kiwanda chenye idara kamili za fedha na watu wa kompyuta walioajiriwa. Kwa kiwanda cha watu 15 pale Rwamishenye, mimi ningeanza kuangalia kundi la pili, na la kwanza liwe mbadala.

Itagharimu kiasi gani? Usikubali kutajiwa bei ya mwaka mmoja. Omba ya miaka mitatu, imeandikwa, ikiwa na kila kitu. Tuseme ada ni shilingi 50,000 kwa mtumiaji kwa mwezi na una watumiaji 5. Hiyo ni milioni 3 kwa mwaka, milioni 9 kwa miaka mitatu. Ongeza kazi ya kuusimika na kuupanga ulingane na kiwanda chako, tuseme milioni 6. Ongeza mafunzo, kiunganishi cha VFD, nauli na malazi ya fundi akitoka Dar es Salaam au Mwanza, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na intaneti ya kila mwezi. Bei iliyoanza na 50,000 imepita milioni 15 kabla hujalipia betri. Namba hizi ni za mfano tu, lakini hesabu inaenda hivyo. Programu huria nayo haina gharama ya leseni, ila seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo, na fundi wa kuutunza vinalipiwa.

Zingatia mambo mawili ya kisheria kwenye malipo. Tangu Machi 2025, kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo wakala wa Kitanzania akuandikie shilingi. Ukilipa leseni moja kwa moja kwa kampuni ya nje, kuna kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye malipo ya mrabaha, ambayo wewe mlipaji ndiye unayetakiwa kuikata na kuipeleka TRA. Mwulize mhasibu wako kabla hujalipa kwa kadi, kwa sababu ukiisahau, TRA itakudai wewe.

Halafu kuna umeme na mtandao. Muuzaji aliyezoea ofisi za Posta, Dar es Salaam, anaweza kukuuzia mfumo usiofunguka kabisa intaneti ikikatika, na wewe una kituo cha kupokelea mzigo kijijini Muleba ambako mtandao unakuja na kuondoka. Njia mbili zinafaa. Ama mfumo ukae kwenye seva ndogo hapo kiwandani, wafanyakazi wauingie kwa waya au Wi-Fi ya ndani hata intaneti isipokuwepo, au ukae kwenye seva za mbali lakini mapokezi ya vijijini yaandikwe kwenye simu na kutumwa baadaye. Njia ya kwanza inadai kitu kimoja bila mjadala: nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe kila siku mahali pengine, mbali na jengo hilo. Walioona majengo ya Bukoba yakianguka kwenye tetemeko la Septemba 10, 2016 hawahitaji kuelezwa sababu. Sheria ya kodi nayo inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5.

Utajuaje kama mfumo unaoonyeshwa unakufaa? Usikubali kuonyeshwa kiwanda cha mfano cha baiskeli au samani. Mpelekee muuzaji karatasi zako mwenyewe: stakabadhi za mapokezi za wiki moja, kadi ya stoo, kumbukumbu za kukaanga na ankara moja ya mteja wa nje. Mwambie akuonyeshe mbele yako ule mzunguko wa KM-01 na KT-01, kuanzia mapokezi hadi ankara ya dola. Kisha mwambie pakiti moja imelalamikiwa, aitafute asili yake. Ikimchukua dakika kumi, vizuri. Akianza kusema hilo litawekwa baadaye, andika neno hilo pembeni. Mwombe mwenye stoo wako, si fundi wake, apokee mzigo kwenye skrini. Mama aliyeshika stoo miaka mingi akishindwa kuelewa skrini kwa mchana mmoja, mfumo huo haujawa tayari kwa kiwanda chako. Mwisho chomoa intaneti, uone kinachobaki.

Ukiridhika, ingia kwenye mkataba polepole. Uandikwe wazi kwamba kumbukumbu zote ni mali ya kiwanda, na kwamba siku mkiachana utapewa zote kwa muundo unaofunguka kwenye Excel, bila ada. Neno la siri la msimamizi mkuu wa mfumo liwe mikononi mwako siku ya kwanza, na anwani ya intaneti ya biashara isajiliwe kwa jina la kampuni yako, si la fundi. Kuna kiwanda ninachokijua ambacho fundi aliondoka na maneno yote ya siri, na ikabidi waanze upya katikati ya msimu. Malipo yafuate hatua: sehemu ukisaini, sehemu mapokezi na stoo vikifanya kazi, sehemu uzalishaji na VFD vikikamilika, na iliyobaki baada ya kufunga hesabu za mwezi mzima. Taja pia muda wa kujibiwa tatizo likitokea, na nani atakayejibu.

Ukishakuwa na majina ya wakulima, simu zao na mahali vilipo vibanja vyao, umebeba taarifa binafsi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na umweleze mkulima taarifa zake zinatumikaje, hasa zinapotumwa nje ya nchi. Andaa fomu fupi ya Kiswahili, mkulima aisome au asomewe, kisha asaini siku ya kupimiwa kibanja. Usiiache kazi hiyo kwa baadaye, kwa sababu kuwarudia wakulima 400 vijijini ni gharama kubwa kuliko karatasi 400.

Ukihitaji msaada, anza karibu. Ofisi ya SIDO ya mkoa, pale Bukoba, inahudumia wasindikaji wadogo, hata mambo ya ufungashaji. TCCIA watakueleza kuhusu cheti cha uasili na wanaweza kukukutanisha na wafanyabiashara wanaouza nje tayari. Waulize hao wanatumia mfumo gani na nani anawahudumia. Ofisi ya TRA itakueleza masuala ya VFD. TanTrade hushughulikia masoko ya nje. Pia usione vibaya kuomba kutembelea wakubwa wa hapa hapa. TANICA imekuwa ikitengeneza kahawa ya unga Bukoba tangu miaka ya 1960, na KCU wameuza kwa wanunuzi wa biashara ya haki wa Ulaya kwa miongo kadhaa. Watu wao wa stoo na ubora wanajua nyaraka ambazo mnunuzi wa nje huzidai kuliko muuzaji yeyote wa programu.

Limebaki suala la lini uanze. Msimu wa kahawa Kagera huanza kushika kasi Mei na kuendelea hadi Oktoba, na huo si wakati wa kubadilisha chochote stoo. Tumia Novemba na Desemba kulinganisha wauzaji, Januari kusaini, Februari na Machi kusimika na kufundisha. Kabla ya kuanza, pangeni majina: kama mmoja anaandika "kahawa safi", mwingine "kahawa iliyokobolewa" na wa tatu "safi daraja la kwanza" kwa kitu kile kile, mfumo utaviona kuwa vitu vitatu. Chagueni jina moja na namba moja kwa kila bidhaa, muibandike ukutani stoo. Kisha siku ya mwisho ya Machi fungeni stoo, pimeni kila gunia kwa mizani, hata yale mnayodhani mnayajua, na uzito huo ndio uingizwe kuwa salio la kuanzia. Aprili mzima mwenye stoo aandike kwenye mfumo na kwenye daftari lake, na kila Jumamosi mchukue loti tatu mlinganishe. Zikitofautiana hata kwa kilo mbili, msiondoke stoo mpaka mmejua kilo hizo ziko wapi, kwa sababu mwezi Mei magari yakianza kushusha, hakuna atakayepata nafasi ya kuzitafuta.